Chanzo cha Mgomo wa Kambi ya Juu

Mwanangu Okoth,

Salamu nilikupa mchana kwa mdomo, na kesho kambi nzima itakuja kukushika mkono, kwa hivyo hapa nitaziruka. Nitaruka pia habari za kufua mashati, za kula kabla ya kwenda kazini, na za watu wa mjini watakaotaka kukuuzia saa mbovu. Hayo baba yako amekuambia wiki nzima, na aliyoyasahau shangazi yako ameyamalizia.

Ninaandika jioni hii nikiwa peke yangu. Baba yako ameenda kwa fundi kuchukua suti yako, na wewe uko uwanjani unaagana na wenzako. Kelele zenu za mpira zinafika mpaka hapa jikoni. Sikuwa nimepanga kukuandikia. Nilikuwa nimekaanga omena za wewe kubeba na nikadhani kwangu mimi hiyo inatosha. Lakini leo mezani ulisema neno ambalo limenikaa kooni.

Ulikuwa unatueleza kazi yako ya ukarani kule Limuru. Ukasema katika hiyo ofisi ya wafanyakazi utakuwa unaandika ripoti za migomo yote ya kampuni, mgomo ulianza lini, siku ngapi za kazi zimepotea, chanzo chake ni nini. Shangazi yako akauliza kama hiyo si kazi ngumu. Ukacheka. Ukasema, "Ngumu nini? Chanzo huwa ni mshahara tu. Unaandika mshahara, unafunga faili." Baba yako akacheka na wewe, akakupiga begani, akasema, "Huyu ameshaiva."

Mimi nikatoka nje. Mlidhani nimeenda kuangalia kuku.

Okoth, unamkumbuka Rael? Yule jirani yetu wa ukuta mmoja, tulipokuwa bado tunaishi katika zile nyumba za laini, chumba kimoja kimoja. Ulikuwa unatoka shule unapitia kwake kwanza, anakumiminia mursik, yale maziwa yao ya kuganda, kutoka kwenye kibuyu, kisha unakuja kwangu na masharubu meupe unasema una njaa. Yeye alikuwa Mkipsigis wa upande wa Mulot, mume wake alibaki huko na ng'ombe na shamba la mahindi. Mimi mtu wa ziwa. Tulianza kuchuna chai mwaka mmoja, mistari yetu ikipakana, na nilipokuwa nikikuleta wewe duniani ni yeye aliyenishika mgongo. Mvua ilikuwa inanyesha sana. Yeye ndiye alisema, kwa Kijaluo chake cha kuokoteza, basi huyu ni Okoth, mtoto wa mvua.

Ule mwaka wa mgomo wewe ulikuwa kwa nyanya yako kule Kendu. Uliporudi ukakuta tumehamia hapa, vyumba viwili na taa za stima. Uliniuliza, "Mama, Rael yuko wapi?" Nikakwambia, "Amerudi kwao." Hilo ndilo jibu lote umewahi kupata kutoka kwangu. Sasa nitakupa lile lingine.

Ilikuwa msimu ambao majani yanafumka kama yamesukumwa na mtu. Kila alasiri mbingu za Kericho zinafunga, na kampuni inaogopa mvua ya mawe, kwa hivyo tulikuwa tunakimbizwa kuanzia alfajiri. Rael alikuwa na mimba kubwa. Alikuwa ameshapoteza mbili kabla ya hiyo, kwa hivyo hii alikuwa anaibeba kama mtu anayebeba mayai kwenye utelezi. Akaenda kwa nyapara wetu wa wakati huo akamwomba ampe kazi nyepesi, ampeleke kwenye kitalu akapalilie miche mpaka ajifungue. Nilikuwa hapo. Nyapara hata hakumwangalia usoni. Alisema, "Mimba si ugonjwa. Rudi kwa mstari."

Akarudi kwa mstari, ule wa mteremko, wa kushuka mtoni.

Siku ya tatu baada ya hapo, katikati ya mvua, nikamsikia ameniita. Hakupiga kelele. Aliniita kama mtu anayeomba kuazima chumvi. Nikageuka nikamwona amekaa chini kati ya vichaka vya chai, kikapu bado kiko mgongoni.

"Mama Okoth," akaniambia, "naona hii inataka kutoka."

Tulimpandisha mpaka barabarani tukiwa wanawake wanne. Lori la majani lilikuwa limesimama hapo kwenye mizani, injini inanguruma, limejaa. Nikamwambia dereva atupeleke dispensari ya kampuni, ambayo ilikuwa njiani kwenda fakitori, njia ile ile. Dereva akamwangalia nyapara. Nyapara akasema lori ni la majani, halibebi watu, na likichelewa majani yataharibika na yeye ndiye atajibu. Dereva alikuwa kijana wa watu. Lakini aliondoa gari.

Tulifunga zile turubai tunazovaa kiunoni, mbili pamoja, tukamlaza hapo, tukaenda naye kwa miguu kwenye matope. Mtoto alizaliwa kabla hatujafika kwenye daraja. Alikuwa msichana. Alilia kidogo, Okoth, nataka ujue hilo. Baadaye watu walisema alizaliwa amekufa. Mimi nilimsikia, nilikuwa nimemshika. Kwenye dispensari daktari msaidizi alituambia kama tungefika mapema, akaacha hapo hapo, akaenda kunawa mikono.

Asubuhi yake tulipanda kazini kama kawaida. Hakukuwa na mkutano wala mtu aliyekuwa amepanga kitu. Tulikuwa tumejipanga kwenye mizani kungoja kugawiwa mistari, na nyapara akaita jina la Rael. Aliliita kama kawaida, akaangalia huku na huku, akasema, "Hayuko? Huyo amejikata malipo ya siku." Ndipo mimi nikatoa kikapu mgongoni nikakiweka chini. Nikasema, "Mimi leo sichuni." Nilikuwa naongea na yeye peke yake. Lakini nikasikia nyuma yangu kikapu kingine kimewekwa, na kingine, na vikaendelea kushuka hivyo mpaka mwisho wa foleni.

Hicho ndicho chanzo. Tulitaka mwenye mimba apewe kazi nyepesi, na lori libebe mgonjwa. Hata mtoto wa darasa la pili angeweza kuyasema hayo bila kupumua katikati.

Sasa nakuja kwa kosa langu, maana nimekuwa nikilizunguka. Baba yako wakati huo alikuwa anafanya kazi fakitori, kwenye mashine za kukausha, na alikuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kwa kambi yetu. Alikuwa msemaji mzuri. Hujawahi kumsikia alivyokuwa zamani. Watu walikuwa wanatembea kutoka kambi za mbali kuja kumsikiliza. Jioni ile nilimweleza kila kitu, nikilia. Naye alilia. Sitasema uongo juu yake, alilia machozi. Halafu akanishika mkono akasema, "Hii sasa niachie mimi. Haya mambo yanataka mtu anayejua kuzungumza na wakubwa."

Nikamwachia. Nilienda nyumba kwa nyumba nikawaambia wanawake, "Msiogope, Baba Okoth amelichukua jambo letu." Walikubali kwa sababu ni mimi niliyesema. Rael mwenyewe, akiwa amelala, aliniambia, "Kama ni yeye, basi ni kama ni wewe."

Kesho yake fakitori nayo ikasimama, mashine zikanyamaza, na kambi za jirani zikaingia. Tulikuwa na furaha, hata kama si vizuri kusema hivyo tukiwa na msiba. Lakini mchana nikasikia wanaume wanaimba wimbo wa mshahara. Na jioni, kwenye redio ya jirani, mtangazaji akasema wafanyakazi wa majani chai wamegoma wakidai nyongeza. Hakuna mtu aliyemtaja mtoto.

Nikamuuliza baba yako. Alikuwa amechoka, miguu yake iko ndani ya karai la maji ya moto.

"Sikiliza," akasema. "Kwa mambo ya mshahara wanaume watasimama. Kwa mambo ya mimba ni nani atasimama? Ngoja tushinde kwanza. Yenu itaingia hapo nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Itaingia. Hujaniamini?"

Nilimwamini. Mwanangu, nimefikiria miaka hii yote kama kulikuwa na alama yoyote usoni mwake siku hiyo, na sikuipata. Pengine na yeye mwenyewe alikuwa anaamini. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi, kwamba sijui ni lini alituacha. Kama ningejua saa yenyewe ningeweza kuikasirikia.

Tuliendelea kukaa. Majani yalirefuka mpaka mashamba yakaonekana kama yana nywele. Unga uliisha, na wakulima wadogo wa huko nje ya kampuni, wenye vishamba vyao vya chai na ng'ombe wawili watatu, wakatuletea kabichi na mahindi. Askari walikuja wakakaa barabarani. Halafu maneno yakaanza, ya usiku usiku. Wakipsigis wanaambiwa hawa watu wa ziwa wamekuja kuharibu kwenu, wakimaliza watapanda gari waende. Sisi tunaambiwa tuondoke kabla hatujachomewa nyumba. Unajua ilikuwa miaka gani, unajua maneno kama hayo yalikuwa yamefanya nini pande zingine. Watu walianza kufunga mizigo.

Ni Rael aliyeyazima. Alikuwa bado anatoka damu, alikuwa hata hawezi kusimama wima. Alikuja kwenye mkutano ameshikilia ukuta wa duka, akasema kwa Kikipsigis kwanza, halafu akarudia kwa Kiswahili ili na sisi tusikie: "Aliyekufa ni mtoto wangu. Aliyembeba kwa mkono ni huyu Mjaluo hapa. Mtu akitaka kumfukuza, aanze na mimi." Watu wakafungua mizigo.

Wiki iliyofuata tuliitwa kwenye uwanja wa mpira, huo huo unaochezea sasa. Meneja alikuwepo, na mkubwa kutoka mjini, na baba yako amevaa koti ambalo sikulijua. Alisimama juu ya ngazi ya lori la majani ili aonekane. Alisema wameelewana. Nyongeza imepatikana. Haikuwa kubwa, lakini wanaume walipiga makofi kwa sababu walikuwa na njaa, na hata mimi nilipiga. Nilikuwa naingojea ile yetu iingie hapo nyuma.

Ndipo akasema kila mtu arudi kazini kesho, isipokuwa wachochezi. Alisema hivi, naye alikuwa anaongea polepole: "Hii fujo haikuanzishwa na chama. Ilianzishwa na wanawake wachache kwa mambo yao ya nyumbani." Halafu akawataja, kwa mdomo wake, mmoja mmoja. Walikuwa wale watatu tuliobeba nao turubai. Na Rael.

Mimi hakunitaja.

Rael hakumwangalia baba yako. Aliniangalia mimi. Uwanja wote ule, watu wote wale, na yeye alikuwa ananiangalia mimi, bila hasira, kama mtu aliyeuliza swali na anangoja. Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema kikapu cha kwanza ni changu. Makofi yalikuwa yameshaanza tena, watu walikuwa wanasukumana kwenda nyumbani, na mimi nikafunga mdomo.

Nyumbani nikamuuliza, "Kwa nini hukunitaja?"

"Wewe ni mke wangu."

"Ni mimi niliyeanza."

"Najua ni wewe," akasema. "Kwa hivyo nyamaza."

Waliofutwa walipewa mpaka asubuhi kutoka kwenye nyumba za kampuni. Sikulala. Kulipopambazuka nilifanya kitu ambacho niliona ni cha ushujaa. Badala ya kwenda kwa Rael, nilienda ofisini. Nilitaka kumwokoa. Nilikuta karani mmoja, kijana mwenye tai, anaandika. Nikamwambia nimekuja kusema ukweli, mimi ndiye niliyeanza, na tuligoma kwa sababu ya mtoto wa Rael. Nikamweleza habari za lori.

Alinisikiliza akiwa ameinamia karatasi zake. Akasema, "Mama, chanzo kimeshaandikwa. Ni mshahara."

"Basi ongeza na hiki."

"Hakuna mahali pa kuandika hiyo. Rudi kwa mzee wako."

Hakunitukana. Alikuwa na adabu, alikuwa mtoto wa watu kama wewe, pengine mama yake alikuwa anamwombea kila jioni. Nilikaa pale nikimbembeleza mpaka akatoka akaenda kunywa chai. Nilipofika kwenye laini, nyumba ya Rael ilikuwa inafagiliwa na watu wengine.

Mwezi ule ule baba yako akapewa unyapara. Wa shamba letu. Hiyo ndiyo iliyotuleta hapa kwenye stima. Wanawake waliacha kuniazima kitu. Nikifika kwenye mizani walikuwa wanaongea habari za mvua.

Utauliza kwa nini nilibaki. Nilikuwa na wewe na dada yako Atieno, nanyi mlikuwa mnahitaji kusoma, na ni yeye aliyewasomesha, hilo sitamnyang'anya. Alikupeleka hospitali akikukimbiza mgongoni ulipovunjika mkono. Hajawahi kunipiga. Kanisani ni mzee anayeheshimiwa, na akiomba watu wanalia kama zamani. Mimi tu ndiye nisiyeweza tena kufumba macho anapoomba. Nimeishi na mtu ambaye sijui akiniambia "niachie mimi" nikimbie au nikae.

Mwaka jana nilienda Mulot. Niliwaambia ninatafuta mahindi ya bei nafuu. Nilimpata Rael siku ya soko, pale wanapouza ng'ombe, amevaa buti na ameshika fimbo, anabishana na mnunuzi. Amezeeka, na amenenepa kidogo. Hakupata mtoto mwingine. Aliponiona alimalizana kwanza na mnunuzi wake, halafu akaja. Alinisalimu vizuri. Alininunulia soda. Lakini hakunikaribisha kwake, tuliongea tumesimama.

Nilianza kumwomba msamaha kwa ajili ya baba yako. Akanikatiza.

"Bwana yako mimi sikumshangaa. Alitaka kiti, akapata. Mimi nilikungoja wewe. Kutoka laini mpaka barabarani nilitembea polepole, kila mara naangalia nyuma. Nikasema, Mama Okoth anakuja. Anisaidie kubeba hata kuku."

"Nilikuwa ofisini, Rael. Nilienda kuwaambia ni mimi."

"Waliandika?"

"Walikataa."

Akacheka, lakini si kwa ubaya. Akasema, "Ungekuja kubeba kuku." Halafu akakuulizia wewe, umefika darasa gani. Nikamwambia umemaliza kidato cha nne na umepita. Akafurahi kweli. Akaniambia, "Basi mwambie huyo kijana asiwe mtu wa ofisi sana." Sikujua kama ni mzaha. Mnunuzi mwingine alikuwa anamwita, akaenda.

Nimekuandikia haya kwa sababu ya wiki iliyopita. Kuna msichana anaitwa Mercy, amekuja kuchuna juzi juzi, ana mimba ya kwanza na miguu imemvimba. Alienda kumwomba nyapara kazi nyepesi. Nyapara ni baba yako. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Nilimsikia baba yako akimwambia, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sukari, "Mimba si ugonjwa. Rudi kwa mstari." Na aliposema hivyo aliniona. Tuliangaliana. Akageuza uso akaita jina lingine.

Sikuombi umchukie. Ukimchukia utabeba mzigo ambao si wako, na mimi nimeubeba vya kutosha kwa nyumba nzima. Suti anayokuletea ivae, na kesho umshike mkono kwa heshima mbele za watu. Ninachokuomba ni kidogo. Siku moja atakuja mama pale mezani kwako, viatu vina matope, na atakuambia jambo ambalo halina mahali kwenye karatasi yako. Atalianza vibaya, atalianzia mbali. Wewe utakuwa umeshaandika mshahara. Mpe kiti, Okoth. Mwache afike mwisho.

Kuhusu barua hii, nilifikiria kuiweka chini ya nguo zako ili uione ukifika. Nimebadilisha nia. Nitakupa stendi, mkononi, baba yako akiwa amesimama hapo. Atauliza ni nini, maana hajawahi kuniona nikiandika. Ukitaka, mwambie ni habari za Rael. Akitaka kuisoma, mpe aisome yote kabla gari halijaondoka. Halafu nyinyi endeleeni na safari zenu. Mimi nitapanda shambani kumchunia Mercy mstari wa mteremko, na jambo lolote baba yako atakalotaka kuniambia, anajua atanipata wapi.

Mama yako.